Yasiyo Kwenye Muhtasari

Kikao cha halmashauri ya walei, kigango cha Nangoo,
Jumamosi, siku mbili baada ya mvua kuzipiga korosho zilizoanikwa.
Waliohudhuria, tisa. Udhuru, mmoja.
Katibu ni mimi, Teofrida Namkaa,
mwandiko wangu wanausifu: haulali, hauinuki.

Ajenda ya kwanza, bati la sakristia. Imepita.
Ya pili, zaka ya korosho, kilo mia tatu na kumi,
na gunia moja lililojazwa mawe chini;
tukacheka, tukasema Mungu anamjua.
Ya tatu niliandika "Mengineyo",
maana hakuna aliyenipa neno la kuandika.

Mengineyo alikuwa Fulgensi.

Mpiga kinanda wetu miaka kumi na mmoja,
aliyewafundisha watoto wa kipaimara kuhesabu pumzi,
aliyekesha na mwili wa mama yangu akipiga taratibu
hadi jogoo wa masista akaamka kumpokea.
Barua ilikutwa. Ya kutoka Lindi. Jina la mwanamume,
na maneno ambayo mume wangu hajawahi kuniambia.

Mzee Kasiani alisimama na Biblia yake yenye zipu.
Alisoma. Alichosoma kimo, sikukibishia;
nimekulishwa tangu mdogo, kama uji.
Ila kidole kilichofuata mstari
nilikijua: ndicho kinachohesabu noti za kangomba
mwezi wa njaa, mlangoni kwa wajane,
kwa nusu ya nusu ya bei.
Hilo halijawahi kuwa ajenda.

Mama Emeliana alisema ni dhambi, akalia,
akasema pia, "Nikifa mimi, nani atanipigia?"
Padri Lambati alikusanya kanzu magotini
kama mtu anayetaka kuvuka mto.
Alisema Kanisa lina neno juu ya tendo
na lina neno juu ya mtu,
na yote mawili ni ya Kanisa.
Tuliandika lile la kwanza.
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Kule ghalani Masasi mkaguzi haamui kwa ganda.
Huchota kiganja, hupasua kwa kisu, hutazama kiini,
ndipo aseme daraja la kwanza, daraja la pili.
Na mafuta ya ganda humbabua vidole yeye mpasuaji.
Sisi tulipanga daraja gunia halijafunguliwa,
tukaenda nyumbani na mikono mikavu.

Alikuwa ameshaniambia, jioni moja, nikitwanga kisamvu.
"Dada Teo, nimefunga Kwaresima tisa kwa ajili ya hili.
Tisa. Mungu hakuniondolea,
wala hakuondoka."
Nilimpa maji ya kunywa.
Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa ungamo
au lilikuwa habari tu, kama mtu anavyosema kwao wapi.

Jumapili kinanda kilikuwa kimefunikwa khanga.
Kwaya ilianza juu mno
na hakuna aliyejua kuishusha.
Yeye alikaa benchi la mwisho, kando ya mlango,
penye ndala za watoto na fagio la chelewa;
midomo yake inaimba sauti ya tatu
ambayo hakuna mwingine aliyeishika.

Padri aliposema tutakiane amani
nilitoka kitini. Niliapa kwamba nitafika.
Nikapita benchi la pili, la tatu,
macho yananisindikiza kama inzi.
Kwenye la nne Mzee Kasiani akaninyooshea mkono.
Amani ya Bwana. Nikaupokea.
Akaushika, akauminya, akaushika,
mpaka Mwanakondoo ikaanza.

Kikao kijacho ni tarehe tisa.
Nimeshapiga mstari chini ya "Yatokanayo".
Chini ya mstari bado peupe.
Wino ninao.